Bwawa la kijani, bembea iliyokatika, ada ileile: namna ya kuibana HOA ya Texas

Swali: Tunaishi kwenye mtaa wa nyumba 210 kaskazini mwa Dallas, Texas, na miongoni mwetu tuko familia kama kumi za Waswahili. Kila nyumba inailipa HOA, yaani chama cha wenye nyumba, dola 780 kwa mwaka. Mwezi wa sita wote bwawa la kuogelea lilifungwa kwa sababu maji yaligeuka kijani. Kwenye uwanja wa watoto bembea moja imekatika mnyororo tangu mwaka jana, na taa tatu za njia ya miguu haziwaki. Tumeandika baruapepe, tumepiga simu, meneja anajibu tu kwamba "linashughulikiwa". Baadhi ya majirani wanasema mwaka huu tusilipe ada mpaka watengeneze. Ni sawa?

Jibu:

Si sawa, na nianze na hilo kwa sababu ndilo linaloweza kuwaponza. Ada ya HOA si kama hela ya fundi, kwamba asipofanya kazi humlipi. Wajibu wa kulipa umeandikwa juu ya kiwanja chenyewe, na haufutiki kwa sababu bwawa ni chafu. Mwaka 1987 Mahakama ya Juu ya Texas, katika kesi ya Inwood North, ilikubali chama kiuze nyumba kwa deni la ada hata kama nyumba hiyo ndiyo makazi ya familia. Kabla ya kufika huko deni hupandishwa riba, faini ya kuchelewa na gharama za mwanasheria, na dola 780 zinaweza kugeuka maelfu kabla mwaka haujaisha. Mwenye shida ya hela aombe mpango wa kulipa kidogo kidogo. Chama chenye viwanja zaidi ya 14 kinatakiwa kuwa na mpango huo, na usipungue miezi mitatu. Jambo moja tu liwatulize wenye madeni: deni halimnyimi mtu kura. Nyaraka za chama zinaweza kumfungia geti la bwawa, lakini kifungu chochote kinachomzuia mwenye nyumba kupiga kura ni batili kwa sheria ya Texas.

Lipeni basi, kisha mdai kama watu waliolipa.

Kabla ya kudai, hakikisheni mnamdai mwenye mali. Katika mitaa mingi ya Texas vitu vya pamoja vina wenyewe tofauti. Taa za barabarani mara nyingi ni za mji au za kampuni ya umeme, na nguzo huwa na kibandiko cha namba. Mnaripoti kwa namba hiyo na HOA haihusiki. Bwawa la kukusanya maji ya mvua na baadhi ya bustani huweza kuwa mali ya wilaya ya huduma za maji, ile inayojitokeza peke yake kwenye bili ya kodi ya nyumba. Ukurasa wa wakadiriaji mali wa kaunti unaonyesha kila kipande cha ardhi na mmiliki wake, na ni bure. Tafuteni kiwanja chenye bwawa la kuogelea na kiwanja cha watoto, mwone kama jina ni la HOA au bado ni la kampuni iliyojenga mtaa. Kama bado ni la mjenzi, huenda mjenzi ndiye anayeiendesha bodi. Hata hivyo sheria inataka theluthi moja ya wajumbe wawe wamechaguliwa na wenye nyumba ndani ya siku 120 baada ya asilimia 75 ya viwanja kuuzwa.

Nyaraka mnazohitaji mwanzoni ni mbili. Ya kwanza ni Declaration, yaani hati ya masharti ya mtaa, iliyosajiliwa kwa karani wa kaunti. Humo mtafute kifungu kinachosema chama "kitatunza" maeneo ya pamoja, mnakili namba yake na maneno yake yalivyo. Ya pili ni cheti cha usimamizi, ambacho kila chama lazima kikiweke kwa karani wa kaunti na kwenye tovuti ya jimbo, hoa.texas.gov. Cheti hicho kina anwani rasmi ya chama na ya msimamizi wake. Baruapepe zenu kwa meneja hazina nguvu kubwa kwa sababu hazikupita kwenye anwani hiyo.

Sasa ombeni vitabu. Hii ndiyo hatua ambayo watu huiruka, na ndiyo inayobadilisha mazungumzo. Sura ya 209 ya sheria ya mali ya Texas inampa kila mwenye nyumba haki ya kuona hesabu, mikataba na mihutasari ya vikao vya chama chake. (Kama mnakaa kwenye kondo, sura yenu ni ya 82.) Masharti yake ni machache, ila ukikosea moja ombi linakufa. Liwe kwa maandishi. Litumwe kwa posta, kwa huduma iitwayo Certified Mail, kwenye anwani ya cheti cha usimamizi. Ongezeni Return Receipt, ile kadi ya kijani inayorudi na sahihi ya mpokeaji. Litaje nyaraka kwa undani, na liseme kama mnataka kwenda kuzisoma au kutumiwa nakala. Mtaandika kwa Kiingereza, ila maana iwe hivi:

"Mimi ni mmiliki wa nyumba iliyoko (anwani). Kwa mujibu wa kifungu cha 209.005 naomba nakala kwa baruapepe za: bajeti na taarifa za mapato na matumizi za miaka 3 iliyopita, taarifa za benki za mfuko wa akiba za miezi 12, mkataba wa sasa wa huduma ya bwawa na wa bustani pamoja na marekebisho yake, daftari la vipimo vya maji ya bwawa kuanzia Aprili hadi leo, ripoti za ukaguzi wa uwanja wa watoto, mihutasari ya bodi ya miezi 24, na tathmini yoyote ya mfuko wa akiba."

Chama kina siku 10 za kazi kujibu. Kikishindwa lazima kiwaambie kwa maandishi na kutoa tarehe isiyozidi siku 15 nyingine za kazi. Nakala ya karatasi ya kawaida haipaswi kuzidi senti 10 kwa ukurasa, na wanaweza kudai mlipe kwanza. Msiombe majina ya wenye madeni wala barua za makosa ya majirani; hizo ni siri, na zikichanganywa na mengine zinawapa kisingizio cha kuchelewesha lote. Hesabu hutakiwa kuhifadhiwa miaka 7, kwa hiyo jibu la "tulibadilisha kampuni ya usimamizi, faili zikapotea" si jibu.

Wakinyamaza kabisa, mnatuma tena barua ya Certified Mail ya kusudio la kushtaki, mnangoja siku 10 za kazi, kisha mnakwenda kwa Justice of the Peace wa eneo lenu, mahakama ndogo ambayo mtu huweza kujisimamia bila wakili. Mara nyingi barua ya pili peke yake inatosha.

Karatasi zikija, anzeni na hela. Nyumba 210 mara dola 780 ni dola 163,800 kwa mwaka. Angalieni kwanza kiasi kilichokusanywa hasa, halafu kiasi kilichohamishwa kwenda mfuko wa akiba, yaani hela za matengenezo makubwa ya baadaye. Hapo ndipo ugonjwa wa HOA nyingi ulipo. Bodi za watu wa kujitolea hupenda kusifiwa kwamba hazikupandisha ada, na njia rahisi ya kutopandisha ni kuacha kuweka akiba. Texas haikilazimishi chama kufanya tathmini ya mfuko wa akiba, kwa hiyo wengi hawafanyi. Chukueni mfano: tuseme kupiga plasta mpya kwenye bwawa ni dola 60,000 na plasta ina miaka 10. Hiyo ni dola 6,000 kwa mwaka, chini ya dola 29 kwa kila nyumba. Isipokusanywa, mwaka wa kumi kila nyumba inaletewa bili ya ghafla ya dola 286, au bwawa linabaki lilivyo. Ukiiambia bodi "ongezeni dola 29 na muziweke akaunti ya peke yake", umewapa kitu cha kupigia kura. Ukiwaambia "bwawa ni aibu", umewapa kitu cha kukasirikia.

Someni pia mkataba wa huduma ya bwawa, maana hapo ndipo mwezi wenu wa sita ulipopotelea.

Maji ya kijani ni mwani, na mwani hustawi pale klorini inayofanya kazi inapokuwa haitoshi. Majira ya joto Dallas hupita digrii 100 za Fahrenheit, na jua linaila klorini ndani ya saa chache, kwa hiyo wahudumu huweka kinga ya jua iitwayo asidi ya sayanuriki. Vidonge vya klorini vinavyotumika sana vinayo ndani yake tayari. Tatizo ni kwamba klorini huisha ila asidi hiyo inabaki: kila sehemu 10 kwa milioni za klorini kutoka kwenye vidonge hivyo huacha karibu sehemu 6 za asidi. Bwawa linalokula sehemu 2 za klorini kwa siku litaongeza zaidi ya sehemu 70 za asidi kwa miezi miwili. Ikikaribia 100, klorini ipo kwenye kipimo lakini imefungwa mikono. Mhudumu anaandika "klorini 2, sawa" na maji yanazidi kuwa kijani. Kumwaga dawa zaidi hakusaidii sana. Dawa yake ni kutoa sehemu ya maji na kujaza mapya; ukitoa nusu, asidi inashuka kwa nusu.

Kwa hiyo kwenye daftari la vipimo tafuteni safu ya asidi ya sayanuriki. Kama haipo kabisa, mmeshapata hoja yenu. CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, inashauri klorini huru isiyopungua sehemu 1 kwa milioni, na isiyopungua 2 pale asidi hiyo inapotumika, pamoja na pH, kipimo cha uchachu wa maji, isiyozidi 7.8; wahudumu wengi huilenga kati ya 7.2 na 7.6. Angalieni na idadi ya safari: mkataba wa safari tatu kwa wiki unaweza kufaa mwezi wa nne, ila mwezi wa saba bwawa lenye watoto arobaini kila Jumamosi linataka mtu kila siku, au mashine inayopima na kuingiza dawa yenyewe. Mara nyingi mkandarasi anafanya alichoahidi sawasawa, na kosa ni la aliyenunua safari tatu ili kubana bajeti.

Kuna namba nyingine mbili za kuulizia. Maji yote ya bwawa la aina hii yanatakiwa kupita kwenye chujio ndani ya saa 6 hivi. Bwawa la galoni 60,000 kwa hesabu hiyo linahitaji karibu galoni 167 kwa dakika. Kama kipimo cha mtiririko kwenye chumba cha pampu kinasoma 90, pampu imechoka au chujio limeziba. Na chujio la mchanga husafishwa kwa kurudisha maji kinyume pale presha inapopanda psi (kipimo cha presha) 8 hadi 10 juu ya presha yake ya usafi. Hiyo presha ya usafi iandikwe kwa kalamu ya wino mzito kwenye chujio lenyewe, la sivyo kila mhudumu mpya anakisia.

La usalama halisubiri kikao. Mfuniko wa tundu la kunyonya maji chini ya bwawa ukiwa umepasuka, umelegea au haupo, bwawa linafungwa siku hiyohiyo. Sheria ya shirikisho iliyoanza kutumika Desemba 2008 inahusu mifuniko hiyo, na kila mmoja una muda wake wa kuishi uliopigwa chapa juu yake. Geti lisilojifunga lenyewe nalo ni hatari, si kero. Kwa hayo mawili pigeni simu kwenye idara ya afya ya mji. Miji mingi ya eneo lenu hukagua mabwawa ya vyama. Msifanye hivyo kwa sababu ya viti vilivyochanika. Mkaguzi aliyeitwa bure mara ya kwanza hatakimbia mara ya pili.

Uwanja wa watoto ni nafuu kuliko bwawa, na ni rahisi kuushinda kwa tepu ya kupimia. Tume ya shirikisho ya usalama wa bidhaa, CPSC, ina mwongozo wa viwanja vya watoto ambao kampuni za bima zinaujua. Chimbeni kwa mkono chini ya bembea na mwishoni mwa mtelezo, mpime kina cha vipande vya mbao vilivyotandazwa kama kilalio. Mwongozo unashauri kujaza inchi 12 kwa sababu vitashindiliwa, na kisishuke chini ya 9. Viwanja vingi vya zamani vina 3 au 4, na mahali miguu inapokwaruza kuna udongo mtupu. Bembea huhitaji eneo lenye kilalio hicho mbele na nyuma, kila upande mara mbili ya urefu kutoka mhimili wa juu hadi chini. Kulabu za umbo la S zinazoshika mnyororo zinatakiwa zifungwe kiasi kwamba upenyo hauzidi inchi 0.04, karibu unene wa sarafu ya dime. Zikifunguka, kamba ya nguo ya mtoto hunasa. Na nafasi yoyote iliyozingirwa kati ya inchi 3.5 na 9 ni mtego wa kichwa: mwili wa mtoto unapita, kichwa kinabaki.

Fanyeni na hesabu ya mzigo, msiwaachie. Uwanja wa futi 30 kwa 40 ni futi za mraba 1,200. Kuutoa inchi 4 hadi 12 ni kuongeza inchi 8, sawa na futi za ujazo 800, yaani karibu yadi za ujazo 30. Agizeni 35 kwa ajili ya kushindiliwa. Mkiwa na namba hiyo mnaweza kumpigia muuzaji simu na kupata bei kabla ya kikao. Bembea iliyokatika upande mmoja iondolewe yote leo, isiachwe ikining'inia kwa mnyororo mmoja. Kiti kipya na minyororo vinaweza kusubiri wiki mbili.

Taa zenu tatu: kama zinafuatana kwenye mstari mmoja, mara nyingi si balbu. Ni saketi moja, kihisi cha mwanga kilichokufa, au waya uliokatwa na wachimba bustani. Kama zimetawanyika, basi huenda ni balbu. Waambieni hivyo ili fundi aje na vifaa sahihi mara ya kwanza.

Sasa barua kwa bodi. Ukurasa mmoja, kwa Certified Mail, nakala kwa baruapepe. Kila jambo liwe na mistari mitatu: kifungu cha Declaration, kipimo chenye tarehe na picha, na kazi mnayotaka kwa tarehe fulani. Andikeni wazi kwamba mnawajulisha hatari. Chama kilichojulishwa kwa maandishi kwamba kina inchi 3 za kilalio chini ya bembea hakiwezi tena kusema hakikujua mtoto akivunjika mkono, na bima yao inalijua hilo. Pelekeni majina yenye anwani, mmoja kwa kila kiwanja. Sahihi ya mpangaji haihesabiki kama kura, wala mume na mke kwenye hati moja hawawi wawili. Na tafadhali, orodha isiwe ya familia zile kumi tu. Zungukeni nyumba kwa nyumba. Jirani mwenye wajukuu wanaokuja kila wikiendi anataka bwawa kuliko ninyi. Kundi la WhatsApp lifae kupanga zamu ya kupima klorini, si kumwita rais wa bodi mwizi. Neno hilo likipigwa picha, likafika kwa wakili wa chama, mjadala wa bwawa umekwisha.

Vikao vya bodi ni vya wazi kwa wenye nyumba. Tangazo la kikao cha kawaida hutolewa saa 144 kabla, yaani siku 6. Cha maalumu saa 72. Sheria inawapa haki ya kukaa na kusikiliza. Nafasi ya kusema hutegemea kanuni za chama, kwa hiyo ombeni mapema kwa maandishi na mgawane dakika: mmoja bwawa, mmoja uwanja, mmoja hela. Kazi ya zaidi ya dola 50,000 lazima ipitie zabuni. Kama mkandarasi ana undugu na mjumbe wa bodi, lazima ziwepo zabuni nyingine mbili zisizo na uhusiano, kama zinapatikana.

Bodi isiposikia, zimebaki kura. Chama kilichosajiliwa kama shirika lisilo la faida kinaweza kuitishiwa mkutano maalumu na wanachama wenye moja ya kumi ya kura. Kwenu hiyo ni nyumba 21, kama kila kiwanja kina kura moja. Soma kanuni, maana zinaweza kueleza utaratibu na akidi. Akidi ndiyo inayoua mikutano mingi: watu 30 wanakuja, wanatakiwa 42, wote wanarudi nyumbani. Sheria inataka mtu aweze kupiga kura bila kufika, kwa fomu ya uwakilishi au kura ya mbali, kwa hiyo kusanyeni fomu hizo wiki mbili kabla na mzihesabu. Na kama mkutano wa mwaka haujaitishwa, mwenye nyumba mmoja anaweza kudai uitishwe ndani ya siku 30, kwa Certified Mail kwa chama na kwa wakala wake aliyesajiliwa, akimtumia kila mwanachama nakala. Siku 30 zikipita bure, wenye nyumba watatu au zaidi huunda kamati ya uchaguzi, wanaisajili kwa karani wa kaunti, na kamati hiyo inaitisha mkutano wa kuchagua bodi.

Kushtaki kwa sababu ya utunzaji mbovu kunawezekana, lakini ni mahakama kubwa, ni mawakili wa pande zote mbili, na gharama za upande wa chama zinatoka kwenye ada zenu wenyewe. Msikimbilie huko wakati bado mnaweza kugombea viti vya bodi.

La mwisho ni kalenda. Bajeti ya mwaka ujao hupangwa Septemba hadi Novemba, na wakandarasi wazuri wa mabwawa hujaa kuanzia Machi. Ombi la vitabu litoke wiki hii, barua ya vipimo ifike bodi kabla ya Septemba kuisha, na maji yapunguzwe na kujazwa upya Februari au Machi, wakati hakuna anayeogelea.